Mgongo wa Kompyuta ya Mjomba

Naitwa Happiness, na walionipa jina hilo hawakungoja waone nitakuwa mtu wa namna gani. Nina hasira za karibu. Lakini siku ya kompyuta ya mjomba Ladislaus nilikuwa na sababu zangu, na mtahukumu wenyewe.

Kwetu Newala mwanamume akishaposa anakuwa mkwe, na mkwe hamtazami mama mkwe wake. Hamsemeshi, hampi mkono, na akimwona kwa mbali njiani anaingia kwenye mikorosho ya watu mpaka mama apite. Wazee wanasema ni heshima. Na mimi nasema ni heshima, ila kuna mtu anayeibeba heshima hiyo mgongoni, na mtu huyo ni mchumba. Mama akitaka kujua kama mkwe ameshiba, ananiuliza mimi. Mkwe akitaka kusema ameshiba, ananiambia mimi. Kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa, nami nasimama katikati nikirudia maneno yaliyokwisha kusikika. Nikiwa sipo, mama humtumia kuku wetu mweusi. Anamwambia kuku, mkwe anasikia, na heshima inakuwa imelindwa.

Zamani mwanamume aliyeposa alilimishwa. Alikuja na jembe lake akapalilia mikorosho ya wakwe, mjomba wa binti akimtazama anavyoinama na anavyoinuka, maana kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Sasa Yeremia wangu ni mtu wa Chidya, alikwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa kompyuta akarudi na bisibisi zake na viganja laini kupita vyangu. Siku ya posa mjomba alivishika viganja vile, akavigeuza juu na chini, akamrudishia mwenyewe. Nikajua tuna kazi.

Ilikuwa miaka ile ruhusa ilipokuwa imetoka, kila mtu auze anachoweza. Malori ya wanunuzi binafsi yalipanda mlima kufuata korosho, na mjomba akauza zake vizuri, akashuka Dar, akarudi na kompyuta ya mtumba. Kwake hakukuwa na umeme, hivyo akaiweka kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, yaani ya dada yake, akaninunulia kiti cha kuzunguka na kubandika kibao nje: tunachapa barua, kadi za harusi na matangazo ya misiba. Masika ya kwanza tu radi ikaua tundu la nyuma linalopokea waya wa skrini. Yeremia akapachika kadi yenye tundu jingine, juu kidogo ya lile lililokufa, na mashine ikafufuka. Hiyo ndiyo siku pekee mjomba aliyomsifu, na hata hapo alisema tu, "Kumbe."

Baadaye mjomba akaanza kuwaogopa wezi. Akamwita seremala, na lile kasha la kompyuta likafungiwa ndani ya kreti ya mninga iliyopigiliwa misumari mezani, ubavu mmoja una mlango na kufuli, mgongoni wazi ili joto litoke. Mgongo huo ulielekea mlango wa uani. Na kwenye mlango wa uani, juu ya kigoda chake, anakaa mama. Hapo ndipo anapochambulia mbaazi, anapopokelea wageni na anapotazamia mambo ya watu.

Mwezi wa tisa mjomba akaja na kitu kidogo kimefungwa kwenye leso. Kilikuwa prosesa, ule ubongo wa kompyuta unaofanya hesabu zote. Kuna mwenzake Masasi alikuwa amebadilisha ya kwake, na alidai sasa mashine yake inamaliza kazi kabla mteja hajaketi. Mjomba hakupata usingizi mpaka naye akaagiza.

"Mkwe," akamwambia Yeremia, "wenzako walilima. Wewe shamba lako ni hili. Mimi nakwenda Masasi, narudi jioni. Nikiikuta inakimbia, tunapanga siku ya harusi. Nikiikuta imekufa, posa yako utaichukua uende nayo Chidya."

"Sawa, mjomba," akasema Yeremia.

Mjomba akaondoka. Yeremia akafungua kufuli, akainama ubavuni mwa kreti, uso ameukaza ukutani kama mtu aliyeadhibiwa, maana upande wa pili mama alikuwa ameshaketi na ungo wake.

"Kwanza zichomolewe waya zote za nyuma," akaniambia. "Mimi siwezi kwenda huko."

Hiyo ilikuwa kweli. Nikamwambia angoje, kuna mteja mlangoni anataka bahasha. Mteja yule aliipapasa kila bahasha niliyokuwa nayo, na niliporudi, waya zote zilikuwa zimechomoka, na Yeremia tayari anang'oa feni. Nikadhani amepata ujanja wake wa kuzifikia. Yeye akadhani nimezichomoa mimi. Mama alikuwa anachambua mbaazi.

Akatoa prosesa ya zamani, akaweka mpya, akapaka ile dawa nyeupe ya kupunguza joto, akarudisha feni. "Zirudishwe waya," akasema, na mimi nikaenda kwanza kunawa mikono, kwa sababu nilikuwa namenya mihogo. Niliporudi zilikuwa zimesharudi. Nikasema moyoni, mchumba wangu ana mikono mirefu.

Akawasha. Feni ikazunguka, taa ya mbele ikawaka, na skrini ikabaki nyeusi tii.

"Ngoja," akasema Yeremia.

Tukangoja. Akazima, akawasha. Akachomoa kumbukumbu, kile kipande kirefu chembamba, akakisugua meno kwa raba ya penseli, akakirudisha. Giza. Akatoa betri ndogo kama shilingi, akaipuliza, akairudisha. Giza. Akainua prosesa, akahesabu miguu yake kwa ncha ya sindano, hakuna uliopinda. Giza lile lile. Jasho lilimtoka mpaka nikaogopa litadondokea humo ndani tuongeze kosa jingine.

"Muulize mama," akasema, "waya wa skrini umerudishwa?"

"Kwa nini nimuulize mama?"

"Si yuko upande huo? Anauona."

Nikageuka. "Mama, mkwe anauliza waya wa skrini umerudishwa?"

"Nimemsikia," akasema mama. "Mwambie umerudishwa. Umekaza sana."

"Anasema umerudishwa, umekaza sana."

"Nimemsikia," akasema Yeremia.

Hapo nilianza kupandwa na hasira. Nikamwambia mama, kwa adabu niliyokuwa nimebakiwa nayo, asogee aende jikoni kidogo ili mtu wa watu aje atazame mwenyewe. Mama akaacha mbaazi zake akanitazama.

"Nihame kwangu kwa ajili ya ledio?"

"Si redio, mama. Ni kompyuta."

"Ledio ilikuwa inaongea. Hii hata kuongea haiongei."

Yeremia akapitisha mkono kwa nyuma bila kutazama, akapapasa kama mtu anayetafuta yai kwenye kiota cha kuku mkali. "Kweli umekaza," akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kuwa ya mtu mgonjwa.

Akafanya jambo la mwisho. Akatoa prosesa mpya, akarudisha ile ya zamani, ile iliyokuwa inafanya kazi asubuhi nikichapa tangazo la msiba wa Chiwata. Akawasha. Giza.

Nikaketi kwenye kiti changu cha kuzunguka. Sikutaka kulia, maana mimi nikilia nachukia, na nikichukia nasema. Nilimpenda yule mtu. Nilimpenda kwa jinsi anavyosema "ngoja" badala ya kusema hawezi, na kwa jinsi ambavyo hajawahi kuinua sauti kwa mtu wala kwa mashine. Nikaiona posa inateremka mlima wa Newala, inapita Nanganga, inakwenda zake, kwa sababu ya kidude kinachoenea kwenye kiganja.

"Umeua zote mbili?" nikamuuliza.

Alikuwa anatazama ukuta, na nilijua anafikiri. "Hii ya zamani ilikuwa nzima asubuhi," akasema. "Ikigoma nayo, kosa si prosesa. Yote ya humu ndani nimeyapekua. Kosa liko huko nyuma. Nipe kile kioo chako cha poda."

Nikampa. Akakaa ubavuni mwa kreti, mgongo ameupa mlango wa uani kwa heshima zote, akainua kioo juu ya bega lake, akakizungusha polepole atazame mgongo wa kompyuta bila kumtazama mtu. Nilimwona anakunja macho. Kisha nikamwona anaganda.

Nikainama nichungulie kioo. Alikuwa ameuona waya. Na juu ya waya, pana na karibu kabisa, ulikuwa uso wa mama yangu, umejaa kioo chote, unamtazama.

Mama naye alikuwa amesogea na kigoda chake ili aone kijana anafanya nini na kioo. Sijui walitazamana kwa muda gani. Mimi niliona ni muda wa kutosha kuvunja posa za tarafa nzima. Kioo kikamponyoka Yeremia, kikapasuka sakafuni, na yeye akajifunika uso kwa viganja vyake vile laini.

"Nimeuona," akanong'ona.

"Uso wa mama? Hata mimi nimeuona."

"Waya. Uko kwenye tundu la chini, lile lililouawa na radi. Nani aliurudisha?"

"Si wewe?"

"Mimi ningeurudishaje bila kutazama?"

Kule nyuma mbaazi zikaacha kuanguka kwenye ungo.

Hapo hapo ndipo lori lilipomshusha mjomba. Aliingia na vumbi lote la njia ya Masasi kichwani, akatazama skrini nyeusi, akatazama kioo kilichopasuka, akamtazama mkwe aliyejifunika uso.

"Shikamoo, mjomba," tukasema.

"Marahaba. Imekufa?"

"Haijafa, mjomba," Yeremia akasema.

"Mbona naiona imekufa?"

Nilimtazama Yeremia nikajua anachopima, maana nami nilikuwa nakipima. Akisema waya uliwekwa pabaya, mjomba atauliza na nani. Akisema na nani, atakuwa amemtia mama mkwe wake aibu nyumbani kwake mwenyewe, na mwanamume wa namna hiyo kwetu haozwi hata kama ametengeneza kompyuta za mkoa mzima.

"Nilikosea mimi," akasema. "Waya wa skrini niliuweka tundu baya. Happiness, tafadhali uhamishie juu."

Nikaenda. Nikampita mama, ambaye mbaazi zilikuwa zimemmwagikia chini, naye ameinamia ungo mtupu, nikauchomoa waya nikauhamisha. Skrini ikakohoa mwanga, maandishi yakaanza kupanda. Yeremia akazima, akarudisha ile prosesa mpya, akawasha tena. Mashine ikafunguka haraka kuliko nilivyowahi kuiona.

Ungedhani mjomba atafurahi. Alifurahi kidogo, kwa macho tu, kisha mdomo ukafanya kazi yake.

"Kumbe ni waya," akasema. "Siku nzima umeinama hapa kwa ajili ya waya, na tundu lenyewe uliliweka wewe mwenyewe. Mtu anayesahau alichofanya kwa mkono wake, nimpe mpwa wangu? Hili jambo itabidi nikae nalo upya."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa na meno. Lakini mama alinitangulia.

"Wewe kuku," alisema kule uani.

Kuku alikuwa anaokota mbaazi. Hakujishughulisha.

"Wewe kuku, mwambie kaka yangu, waya niliuchomoa mimi na nikaurudisha mimi, kwa sababu mpwa wake huyu alikuwa anauza bahasha. Matundu yenyewe yanafanana, na hakuna mtu katika nyumba hii aliyenieleza lipi lilikufa. Mwambie kijana ameliona kosa langu, akalivaa yeye, na alijua atanyimwa mke. Halafu kuku, muulize kaka yangu, hao waliolima, yupi aliwahi kunifanyia hivyo?"

Mjomba alibaki anautazama mlango wa uani. Miongoni mwa hao waliolima alikuwemo hata marehemu baba, na mjomba ndiye aliyemchagulia mama. Akavua kofia, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena.

"Kuku asikie," akasema polepole. "Harusi tutafanya baada ya korosho."

Nikarudi kwenye kiti changu nikakizungusha, maana machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka mjomba ayaone.

Yeremia alikuwa bado anatazama ukuta. Alisafisha koo. Tangu apose alikuwa hajawahi kumwelekezea mama neno, hata moja, isipokuwa kwa kinywa changu.

"Kuku," akasema, "mwambie mama, shikamoo."

Kuku alikuwa ameshakwenda zake nyuma ya choo. Mimi sikuirudia salamu ile, nikamwachia mama mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema.