Kitanda cha Jumanne

Seremala huyu alikuwa na jina lake zuri la kuzaliwa, lakini wateja walishamwita Keshokutwa hadi mkewe naye akalizoea. Ukimwagiza stuli, keshokutwa. Ukimwagiza kabati la ukuta mzima, keshokutwa. Si kwamba alipenda uongo. Aliogopa tu kuona uso wa mteja ukikunjamana mbele yake, na ulimi, kama mjuavyo, hauna mfupa.

Wiki iliyopita ulimi huo ulimponza mpwa wake, binti aliyefanya naye kazi karakanani. Kabati la bibi harusi lilipakwa vanishi asubuhi, likapelekwa mchana kutimiza ahadi, na jioni nguo zikawa zimegandia milangoni. Aliyelipeleka ni mpwa, basi aliyetukanwa ni mpwa. Aliporudi alitundika ubao ukutani, akaandika kila kazi na siku zake, kisha akamwambia mjomba wake, "Ukitaja tena siku usiyoihesabu, nabeba randa yangu naondoka." Hakuwa akitania. Bila binti yule, karakana ingebaki na mzee mwenye mgongo mbovu na ahadi nyingi.

Jumatano asubuhi akaingia mwalimu mmoja, mama wa makamo, hata salamu aliitoa mbiombio.

"Fundi, baba yangu anatoka hospitali Ijumaa. Nataka kitanda cha kuinuka kichwani, chenye vizuizi pembeni. Na kifua chake hakitaki harufu kali. Kitakuwa tayari lini?"

Ijumaa! Keshokutwa yenyewe, imejileta kwa miguu yake. Neno lilishafika kwenye meno. Nyuma yake sauti ya msasa wa mpwa ikanyamaza, kisha akasikia zipu ya mkoba ikifunguliwa na randa ikitiwa ndani. Hakuthubutu kugeuka.

Akautazama ubao, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Leo na kesho namalizia meza iliyokutangulia. Ijumaa nakata, naunga, gundi inalala. Jumamosi vanishi, Jumapili narudia. Jumatatu kinakaa kwenye upepo harufu itoke." Akameza mate. "Jumanne, mwalimu. Saa nne."

Uso ukakunjamana, uleule aliouogopa miaka yote. Mwalimu akatoka nje, simu sikioni.

"Umeona?" mjomba akanong'ona. "Kaenda zake huyo."

Mkoba wa mpwa ulikuwa tayari begani.

Dakika zikapita, kisha mwalimu akachungulia mlangoni. "Hospitali wamekubali kuendelea kumlaza baba mpaka Jumanne. Mafundi watatu niliowaendea kabla yako wameniambia 'usijali, mama'. Sasa hospitali ningewaambia nini, mzee atoke siku ya usijali?"

Keshokutwa aliona aibu ya kweli. Wateja wote wale, miaka yote ile, alidhani anawahurumia.

Mwalimu alipoondoka, mpwa akaitoa randa mkobani, akaandika ubaoni: Jumanne, saa nne.

"Na tusipomaliza, mjomba?"

Mzee alivua miwani, akaifuta vumbi taratibu.

"Basi siku hiyo atakayebeba randa ni mimi."