Dakika Thelathini na Tatu za Vlasta

Mji wetu una watu mia tisa na kumi na mbili, ukinihesabu na mimi, na wapo wanaopendekeza nisihesabiwe. Uko Nebraska, katikati ya mahindi, na juu ya paa la kituo cha zimamoto kuna king'ora kinacholia kila siku saa sita kamili mchana. Siku kilipowekwa pale, mlio wake wa kwanza ulinyoosha mikia ya nguruwe wote wa kata hii. Mpaka leo, ukitaka nguruwe mwenye mkia wa kujikunja, shurti uagize kutoka Iowa.

Hayo niliyasema mbele ya baraza la mji, na yameandikwa kwenye kumbukumbu.

Baraza hukaa Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa moja jioni. Kabla wajumbe hawajaanza shughuli zao, mwananchi yeyote anaweza kujaza kadi, kusimama kwenye kipaza sauti na kusema lake kwa dakika tatu. Kanuni ya dakika tatu ilitungwa kwa ajili yangu. Kabla yake niliwahi kuanza kueleza habari za shimo la barabarani wakati wa kupanda, nilipokaa chini mahindi yalikuwa yamenifika kiunoni. Sasa meya wetu, Darlene Hruska, huweka mezani saa yake ya jikoni yenye umbo la kuku. Unaizungusha shingo, inahesabu, dakika zikiisha inalia.

Tangu nistaafu kazi ya ghala la nafaka sijakosa kikao hata kimoja. Nimewaeleza habari za kambare aliyemeza kofia yangu mtoni, akarudi mwaka uliofuata ameivaa. Nimewaeleza upepo uliolibeba zizi langu ukaliteremsha mahali palepale, ila mlango umeangalia upande mwingine. Wananivumilia. Nadhani hata wanapenda. Lakini ndani ya ukumbi ule hakuna aliyewahi kuamini neno langu hata moja, na sikuwahi kuona hasara yake mpaka Vlasta Kubicek alipoingia jikoni kwangu Jumatatu moja ya mwezi wa sita.

Alikuja na sahani ya kolache, yale maandazi ya jemu ya plamu. Vlasta haji na sahani bila jambo.

"Orval," akasema, "umesoma tangazo posta?"

"Nimelisoma. Wananunua chumvi ya kuyeyusha theluji barabarani. Kiangazi chote hiki, chumvi."

"Hukufika namba nne."

Kweli sikufika. Namba nne ilisema king'ora cha mchana kisimamishwe. Ilikuwa ndani ya lile fungu la mambo madogo yasiyo na ubishi, yanayopitishwa yote kwa kura moja bila kujadiliwa: chumvi, kibali cha gwaride, bomba la maji, king'ora. Ukikohoa tu wakati wa kura, umekosa.

"Ni yule mjumbe, Brent Sorley," nikasema. "Nyumba yake inatazamana na zimamoto, na binti yake ana wiki tano. Usimlaumu, Vlasta, macho yake yamekuwa mekundu kama ya sungura."

"Simlaumu." Akaanza kukusanya makombo mezani pangu, ambayo hayakuwepo. "Lumir hanijui tena."

Lumir ni mumewe. Alikuwa mleta barua wa mji huu kwa miaka arobaini na minne, kwa miguu, mvua au theluji. Bado hutembea. Kila asubuhi utamwona anapita mitaa ileile, anatupungia mkono, anasema, "Habari za asubuhi, jirani." Sisi sote tulikuwa tunasema, tazama Lumir, mazoezi yamemweka. Hakuna aliyegundua kwamba tumekuwa majirani wote, na hakuna hata mmoja mwenye jina.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Jina langu lilikwenda mwaka jana wakati wa Krismasi. Ananiita mama. Kwa heshima, usidhani vingine. Anashukuru chakula kama mtu aliye mgahawani." Akatabasamu kidogo. "Lakini miguu yake haijasahau kitu. King'ora kikilia, popote alipo, anageuka, anakuja nyumbani, ananawa mikono, anakaa kwenye kiti chake. Miaka yote ya kazi alikula chakula cha mchana nyumbani. Unaikumbuka ile siku ya mwezi wa pili king'ora kilipoganda kwa barafu?"

"Nakumbuka."

"Hakikulia, naye hakugeuka. Nilimpata saa kumi jioni kwenye reli, kupita ghala. Bado anatembea, vidole vyeupe."

Nikamsogezea kiti.

"Kikisimamishwa," akasema, "nitalazimika kumfungia mlango. Au nimpeleke kule kwenye nyumba ya wazee, maili arobaini, akaogeshwe na watu asiowajua."

"Na wewe anakujua?"

"Mimi ameshanizoea."

Alitaka nikaseme kwenye baraza kwa niaba yake. Yeye hajawahi kusema mbele ya watu. Hata harusini kwake kasisi alimwomba arudie kiapo, hakikusikika. Na alikuwa na sharti moja: nisimtaje Lumir. Mtu aliyeujua mlango wa kila nyumba, hakutaka ajulikane mjini kwa kupotea.

"Vlasta," nikamwambia, "unajua mimi ni nani pale ukumbini."

"Wewe huogopi kipaza sauti. Kula kolache."

Nikala. Ningefanya nini?

Jumanne ukumbi ulijaa, kwa sababu mbwa wa mtu fulani alikuwa ameingia kwenye mabanda ya kuku ya watu wengi. Vlasta alikaa mstari wa nyuma, mkoba umekumbatiwa mapajani, na Lumir pembeni yake katika shati safi lililopigwa pasi. Brent alikuwa mbele na wajumbe wenzake watatu, anapigana na usingizi. Mkewe alikuwa mstari wa kwanza, mtoto begani. Twyla, karani wa mji, aliita jina langu kwanza kama kawaida, ili nimalizike.

Darlene akamzungusha kuku shingo. Nikasimama.

"Mheshimiwa Meya, waheshimiwa wajumbe. Nimekuja kwa ajili ya king'ora. Katika mji huu kuna mtu asiyejua njia ya kwenda kwake mpaka kilie. Kikilia, miguu yake inageuka yenyewe. Kisipolia, atatembea mpaka Wyoming."

Ukumbi ukacheka. Si kwa ubaya. Walicheka kama watu waliolipia tiketi.

"Anaitwa nani huyo?" akauliza Gus Vanek wa mgahawani.

"Jina lake siwezi kulitaja."

"Basi ni yule kambare," akasema Gus, na hapo hata Darlene akaziba mdomo kwa karatasi.

"Safari hii nasema kweli," nikasema.

Nilipaswa kujua. Hayo ndiyo maneno ninayoyasema kila safari. Walicheka mpaka mtoto wa Brent akaamka. Nikageuka nyuma, nikamwona Lumir naye anacheka, kwa sababu watu wote walikuwa wanacheka na yeye ni mtu mwenye adabu. Vlasta hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama mkoba wake.

Nimestaafu kazi nyingi maishani, lakini jioni ile, kwenye kipaza sauti kile, nilitamani kustaafu uongo wote niliousema tangu utotoni, angalau kwa dakika moja na nusu iliyobaki.

"Mheshimiwa Meya," nikasema, "dakika zangu zilizobaki nampa Vlasta Kubicek."

Kicheko kikakatika. Twyla akafungua kitabu cha kanuni, ingawa anakijua kwa moyo.

"Huwezi, Orval. Mtu hutoa dakika zake kabla hajaanza kusema. Ukishaanza, ni zako."

"Nirudishie basi nilizosema."

"Hizo zimeshaandikwa."

Nikakaa. Kuku akaendelea kuhesabu peke yake. Kisha Gus akainuka, kadi mkononi, na uso wake haukuwa tena na mzaha. Gus amempikia Lumir kahawa tangu enzi za begi la barua, na alikuwa amegeuka nyuma kumtazama Vlasta.

"Mimi nilikuja kwa ajili ya mbwa," akasema. "Mbwa atangoja. Dakika zangu tatu nampa Vlasta."

"Na mimi," akasema mama mmoja mwenye kuku waliouawa.

"Na mimi. Hata nilichotaka kusema nimekisahau."

"Zangu pia, Twyla. Andika."

Mwenye mbwa alitoa zake haraka kuliko wote. Twyla akaandika kila jina, akajumlisha. Watu kumi na mmoja. Darlene akamtazama kuku wake, ambaye hajatengenezwa kwa kazi ya namna hiyo, akamzungusha shingo mpaka mwisho.

"Vlasta," akasema taratibu, "una dakika thelathini na tatu."

Sidhani kama kuna mtu mji huu aliyewahi kupewa utajiri kama huo. Vlasta alitembea mpaka mbele na mkoba wake. Kipaza sauti kilikuwa kimewekwa kwa urefu wangu, kikawa kinamtazama juu ya nywele. Hakukishusha.

"Mume wangu ni Lumir," akasema. "Mnamjua. Yeye hawajui tena. Mimi pia hanijui. Saa sita king'ora kinalia, naye anakuja nyumbani kula." Akafikiri. "Kuna mtoto anayeamshwa. Ningekuwa mama yake ningekichukia hicho king'ora. Sina zaidi."

Hata dakika moja haikufika. Lakini hakurudi kukaa. Nadhani hakujua kama mtu anaruhusiwa kuondoka na dakika zote zile zimebaki. Akasimama pale, mdogo, anangoja, na kuku anahesabu, na hakuna aliyeruhusiwa kusema kwa sababu wakati ulikuwa wake.

Ndipo Lumir akainuka nyuma. Akapita katikati ya viti, anaitikia watu kwa kichwa, "Jirani. Jirani." Akasimama pembeni ya mkewe, akainama kidogo kwenye kipaza sauti, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.

"Samahani," akatuambia. "Huyu mama amechoka. Ana mtu wa kumfikisha nyumbani?"

Akatuangalia mmoja mmoja.

"Mimi naweza kumsindikiza," akasema Lumir. "Mitaa yote naijua." Akamgeukia Vlasta, akashusha sauti, lakini kipaza sauti kilimsaliti. "Ila kwa sasa njia imenitoka kidogo. Tungoje king'ora, mama. Kikilia nitakufikisha."

Vlasta akamshika mkono. "Tutangoja," akasema.

Nimeona vimbunga viwili, na cha pili nilikipanda. Hata hivyo havikuwahi kumwachisha Twyla kalamu. Sasa alikuwa ameacha kuandika. Brent Sorley alikuwa ameamka kabisa. Akamtazama mkewe mstari wa mbele, mtoto begani, uso umelowa machozi, na mkewe akaitikia kwa kichwa.

"Mheshimiwa Meya," Brent akasema. "Naomba namba nne itolewe kwenye fungu."

"Ijadiliwe peke yake?"

"Hapana. Niliileta mimi. Naiondoa."

Darlene akauliza kama kuna mjumbe anayepinga. Hakukuwepo hata mmoja. Akapitisha chumvi, gwaride na bomba kwa kura moja. Kisha akamchukua kuku, akambana mbawa kwa viganja vyote viwili ili asilie, akamfungia kwenye droo ya meza. Dakika za Vlasta zimo humo mpaka leo. Twyla ameniapia kwamba droo ikifunguliwa polepole unazisikia, na Twyla si mtu wa uongo kama mimi.

Tuliwasindikiza nyumbani watu wapatao thelathini, kwenye mwanga wa jioni ya kiangazi, tukijifanya sote tunaelekea upande ule.

Kesho yake nilikuwa nimekaa ngazini kwangu kabla ya saa sita. Sikuwa napeleleza. Nyumba yangu iko kati ya zimamoto na ya akina Kubicek, kosa la aliyeijenga. King'ora kikalia. Ng'ambo, mtoto wa Brent naye akalia, na kwa ukali wa sauti sikuona tofauti kubwa kati yao. Brent akatoka barazani naye, anamtikisa, macho yake mekundu. Lumir alikuwa akipita hapo, akageuka pale pale. Akasimama kwenye uzio wa Brent.

"Jirani," akasema, "huyo ana njaa. Si unasikia ni saa sita?"

"Nimesikia," akasema Brent. "Nenda kale, Lumir."

Akaja mtaani kwetu kwa mwendo wake wa barua. Vlasta alikuwa amesimama mlangoni, taulo ya jikoni mkononi. Lumir akavua kofia. Akamtazama kwa muda, kama anayetafuta nambari ya nyumba.

"Mama," akasema, "ile jana, ulifika salama?"

Nawaapia nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe, na asiyeamini akajaze kadi.

"Nilifika," akasema Vlasta. "Kuna bwana mmoja alinisindikiza."

"Vizuri," akasema Lumir, akafurahi kweli. "Vizuri sana."

"Ingia unawe mikono. Supu inapoa."