Zamu ya Mwenye Kifuniko

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kusuluhisha ugomvi wa wapangaji wanne, wote wanawake, wanaokaa nyumba moja. Nyumba yenyewe ilikuwa mimi.

Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba nilipiga hodi.

"Karibu, Sikudhani. Vua viatu, wenzako wameshadeki."

Aliyesema hivyo ni cherehani yangu, ile ninayoshonea barazani kwa shangazi, pale Korogwe. Kumbe ndotoni yeye ndiye mjumbe wa nyumba kumi. Alikuwa ameibana miguu yake ya chuma pamoja, kama mtu mwenye heshima zake.

Kabla sijaendelea, niseme nililala na nini kichwani. Asubuhi, Bwana Semkiwa, mshenga wa mchumba wangu Mbwana, alikuwa anakuja kuchukua jibu la mwisho. Nilishamrudisha mara mbili. Mara ya kwanza nilisema simtaki Mbwana kwa sababu anakunywa chai kwa kelele. Mara ya pili, kwa sababu ya soksi zake. Kila mara, baada ya siku chache, nilijuta, nikalia, nikamtuma shangazi akaniombee radhi. Safari hii shangazi alinikalisha chini. "Mwanangu, mshenga si mpira. Ukimrudisha tena harudi, na mimi mguu wangu siunyanyui." Nami Mbwana nampenda. Nampenda, na bado nilihisi kabisa kwamba kukicha nitasema hapana. Sikuelewa kwa nini.

Basi niko ndani ya nyumba. Mwanamke wa kwanza anapita amejifunga blanketi, anaburuta godoro kulitoa nje.

"Mbona unatoa godoro zuri hivyo?"

"Tulimtandikia mgeni. Hajaja."

"Mgeni gani?"

"Hatumjui. Sisi tunatandika."

"Si mliache tu, atalikuta siku akija?"

Ananitazama kama nimesema mgeni apewe shuka lililolaliwa. "Hatukulelewa hivyo," anasema, anaendelea kuburuta huku ameshika kiuno. Nikaona aibu. Nikaliomba radhi godoro.

Wa pili ana ndoo. Godoro halijamaliza kutoka, yeye ameshaanza kufagia mahali pake, anaimba, anauliza kama kuna ukuta wowote unaohitaji rangi. Wa tatu amejipulizia manukato, amebeba yai kwenye kijiko, anacheka na kila mtu, hata na mlango. Wa nne amechuchumaa jikoni mbele ya sufuria inayochemka bila moto. Amekikandamiza kifuniko chake kwa mikono miwili, na analia.

"Malalamiko yatolewe," cherehani akasema.

Yule wa blanketi akanyanyua shati. Mikono ya shati hilo yote miwili ilikuwa ya kushoto. "Ulinipa nilikate siku ninayotoa godoro. Mgongo unauma, tumbo linavuta, na wewe unaniambia fanya haraka."

"Na mimi," akadakia yule wa ndoo, "nina nguvu za kubeba gunia, ukanikalisha kushona vifungo!"

"Sijui mnafanya kazi saa ngapi," nikasema. "Mimi kila siku ni mtu mmoja."

Wakacheka. Hata yai lilicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimesema ukweli kama ninavyoujua.

"Wanapokezana zamu," cherehani akanifafanulia, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Kuna anayewahi na kuna anayechelewa, hawa si saa ya ukutani. Lakini wewe unagawa kazi bila kutazama aliyefungua mlango ni nani."

"Basi niwagawieje?"

"Wa blanketi mpe pindo na vifungo, akae, anywe kitu cha moto. Wa ndoo mpe nguo za kukata. Wa yai mweke mbele awapime wateja, watu wanampenda."

"Na huyu anayelia?"

Cherehani akashusha sauti. "Huyo ana jicho. Mshono ukipinda kidogo tu, anauona. Mpe nguo za kukagua na kufumua. Ila wageni usimpe."

Alipotaja wageni, jiko likawa uwanja wa mpira wa shule, na mimi niko golini nimevaa gauni la kulalia. Bwana Semkiwa anaingia akibiringika. Amekuwa mpira, wa duara kabisa, ila kofia haijamtoka.

"Nimekuja kuchukua jibu," anasema mpira.

Wapangaji wote wanajibu kwa pamoja. "Asubiri, nimechoka," anasema wa blanketi. "Ndoa iwe leo!" anapiga kelele wa ndoo. Wa yai anasema Mbwana ana mabega mazuri, jambo ambalo ni kweli lakini hakuulizwa.

Cherehani anapuliza filimbi. "Anajibu mwenye zamu!"

"Zamu ya nani?" nauliza.

Wanamwonyesha yule wa nne. Anainua kifuniko kidogo, povu linaruka. "Hatumtaki! Soksi zake!"

Mpira unaanza kubiringika kurudi ulikotoka. Naurukia, naukumbatia, nalala nao chini. Bwana Semkiwa ananiomba nisimkunje kofia.

"Dada," nikamwambia yule anayelia, "kwa nini unaniharibia?"

"Siharibu. Kila mwezi nasema neno lile lile, na hakuna anayeniuliza. Soksi ni povu tu. Hebu funua uone."

"Kwa hiyo ulikuwa unasema uongo?"

"Uongo hapana. Chumvi nazidisha, hilo nakubali. Siku zangu chache, na wewe husikii mpaka nipige kelele."

Nikafunua. Ndani ya sufuria kulikuwa na baraza la shangazi, dogo, limefagiliwa vizuri, na mahali pa cherehani ni patupu. Hapo nikakumbuka. Siku ya posa Mbwana alisema, tena kwa utani, kwamba nikishaolewa nitashonea chumbani, maana mke wa mtu hakai barazani kutazamwa na wapita njia. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Moyo uliniuma sana, lakini sikusema kitu, na shangazi akamimina chai.

Yule mwanamke akafuta machozi, akanikabidhi kifuniko. "Zamu yangu imekwisha. Kilichobaki kiseme wewe, kwa sauti yako, na soksi uziache."

Wa blanketi akanigusa begani. "Mimi ndiyo naingia. Tafadhali, leo usinibebeshe ndoo za maji."

Nikaamka. Kumekucha, tumbo linavuta, na shuka lina doa. Godoro limeanza kutoka.

Nje, mtu anakohoa kile kikohozi cha kubisha hodi. Nikachungulia dirishani. Bwana Semkiwa, na miguu yake yote miwili.

"Sikudhani!" shangazi akaita kutoka jikoni. "Kifuniko cha sufuria umekipeleka wapi? Uji nitaubandika vipi?"

Nikapeleka mkono chini ya mto, nikakikuta. Nikajifunga kanga vizuri, nikatoka nacho barazani, nikakaa kwenye kiti changu, nyuma ya cherehani. Sikuwa na uhakika na chochote, hata kama nimeamka kweli. Nilimwamkia Bwana Semkiwa baada ya kumtazama kwanza kama ni wa duara.

"Marahaba, mwanangu," akasema, amechoka kabla ya kuketi. "Leo ni ndiyo au hapana?"

"Ndiyo. Lakini cherehani hii haitoki barazani, si hapa wala huko nitakakoolewa. Mwambie hivyo hivyo. Akishindwa hilo, na mimi ndoa nimeishindwa."

Akaketi. "Na ile chai? Na zile soksi?"

"Hizo aendelee nazo tu."

Akajikuna kichwa chini ya kofia. Ilikuwa imekunjika upande mmoja. "Sasa neno kama hili, mwanangu, lingesemwa mara ya kwanza, viatu vyangu visingelika hivi. Lilikuwa wapi siku zote?"

Nikakitazama kile kifuniko. Kilikuwa cha moto hata nikakihamishia mkono wa pili, na shangazi alikuwa bado hajawasha jiko.