Mtoto Anayecheka

Gundi ilikuwa imemla mwanamke huyu ngozi ya vidole. Kazi yake kiwandani ilikuwa moja: pakiti ya biskuti ikifika mbele yake, abandike stika ya mtoto anayecheka juu ya maandishi meusi yaliyoamriwa na serikali. ONYO: SUKARI IMEZIDI. KULA SANA NI HATARI. Stika iliyafunika barabara, hata herufi moja isichungulie.

Biskuti zilizovunjika ndizo zilizokuwa chakula cha mchana cha wafanyakazi. Zake alimpelekea mama yake, aliyezichovya kwenye chai asubuhi na jioni, maana mara nyingi nyumbani hapakuwa na kingine. Sukari ilipompanda, hospitali ikamkata mguu chini ya goti.

Alikwenda kwa meneja kuomba ruhusa ya kumuuguza.

"Pole, dada," meneja alisema, macho kwenye simu. "Lakini na nyinyi mnakula bila breki. Kuna mtu alimshikia mama yako fimbo?"

"Angejuaje, bosi? Si tumeziba?"

Sasa meneja aliinua uso. "Rudi kazini. Kesho kuna ugeni."

Alirudi, na wala hakulia. Alipangiwa kufunga maboksi ya zawadi za mgeni rasmi, ofisa wa ukaguzi wa vyakula. Akalowesha kitambaa kwa maji ya moto, akaanza kubandua stika. Kila mtoto aliyetoka alimsokota kama anayenyonga kuku. Akilini alimwona meneja katiwa pingu, jasho linamchuruzika mbele ya kamera. Akacheka peke yake.

"Vipi, umepagawa?" aliuliza mwenzake.

"Bado."

Kesho yake ofisa alifungua boksi mbele ya wote. Akatoa pakiti, akayasoma maandishi meusi taratibu, midomo ikicheza. Uso wa meneja ukageuka jivu, na mwanamke, kule nyuma alikosimama, akasikia utamu ambao hakuwahi kuuonja.

Ofisa akachana pakiti, akatia biskuti mbili mdomoni kwa mpigo.

"Kumbe za kwetu sisi wakaguzi hazibandikwi stika!" alisema akitafuna. "Hapo mmetuheshimu."

Watu wakaangua kicheko. Meneja alicheka kuliko wote, huku jicho lake likimtafuta aliyefunga maboksi.

Sherehe haijaisha, mlinzi alishamsukuma nje ya geti, kazi hana. Alikuwa amesimama pale pale kando ya barabara gari la ofisa lilipotoka, buti limejaa maboksi hadi limeshindwa kufungika. Likapunguza mwendo, likasimama. Kioo kikashuka.

"Mbona umenuna hivyo, mama? Shika hii, wapelekee nyumbani."

Aliipokea pakiti kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeshafumbata jiwe.