Sauti Niliyoizima

Picha iliganda mama akiwa ameinua mkono, na sauti yake ikaendelea kuja bila yeye. "Wala msihangaike," ilisema, safi kabisa, kana kwamba yuko chumba cha pili. Kaka yetu mkubwa akashusha pumzi. Kitindamimba wetu, kiziwi tangu kuzaliwa, akanigeukia na kuuliza kwa nyusi tu: mbona amesimama?

Tulikuwa watatu ofisini kwangu, mchana, feni ikizungusha joto lilelile. Mama alikuwa hospitali ya mji mwingine, akisubiri kuingizwa chumba cha upasuaji wa moyo. Mama mdogo aliyempeleka alizuiwa mlangoni, kwa hiyo simu ilishikwa na muuguzi, binti mwenye huruma na haraka. Daktari hakutuficha: huenda mama asitoke.

Kurusha sauti na picha moja kwa moja mtandaoni ndiyo kazi inayonilisha. Mikutano, semina, harusi za watu ambao ndugu zao wako mbali. Nimesema "mnanisikia?" mpaka limenikaa mdomoni, hata nikiwaita watoto kula hujikuta nalisema. Na kazi hii ina sheria moja ambayo mitambo yenyewe inaifuata bila kuambiwa: mtandao ukilegea, tupa picha, okoa sauti. Sauti ni nyepesi, picha ni mzigo. Watu huvumilia uso ulioganda ilimradi wasikie mwenzao anasema nini. Waliotunga sheria hiyo, bila shaka, walikuwa wanasikia.

Kaka mkubwa tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu hata kununua chumvi alitaka kikao. Baba alipofariki yeye ndiye aliyeacha masomo akatubeba: karo, kodi, mpaka kamba za viatu. Sikatai, alitubeba kweli. Lakini lugha ya mikono hakuwahi kujifunza. Mama na kitindamimba waliitunga wenyewe jikoni, nami nikaidaka kwa kushinda nao. Mwenyekiti alitoka alfajiri na kurudi tumelala. Akikutana na mdogo wake aliinua dole gumba, basi, mazungumzo yameisha.

Picha ikashtuka, ikaganda tena. Sasa mkono wa mama ulikuwa kifuani. Alikuwa amesema kitu hapo katikati, na kitindamimba hakukiona. Akapiga meza kwa kiganja.

Nikafungua mipangilio. Kutoka mezani kwangu niliweza kuamua simu ile itume nini. Nikaipunguza picha mpaka ikawa na ukungu, maana mikono haihitaji urembo, inahitaji mwendo. Bado ilikwama. Kilichobaki cha kutupa kilikuwa sauti.

"Usithubutu," Mwenyekiti akasema. Alinielewa kabla sijagusa kitu.

"Haoni, kaka."

"Huyu tutamsimulia baadaye."

Jamani, hilo "baadaye" lilinichoma. Misibani, harusini, mezani watu tukivunjika mbavu kwa kicheko na yeye akihangaika kutazama midomo: baadaye, baadaye. Na ikifika hiyo baadaye, aliyeahidi kumsimulia ameshasahau.

"Maisha yake yote anasimuliwa baadaye," nikasema. Nikaizima sauti.

Picha ikafunguka. Ilikuwa chafu, lakini inatembea. Mkono mmoja wa mama ulikuwa na dripu. Kwa ule mwingine alimwambia kitindamimba: umekula? Shati hilo umelitoa wapi, mbona halijaona pasi? Usiogope, mimi siogopi. Kitindamimba alijibu kwa mikono yote miwili, anacheka huku machozi yanamdondoka.

Na muda wote huo midomo ya mama ilikuwa inacheza. Alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, kuongea na watoto wawili kwa mpigo, mkono kwa huyu na mdomo kwa yule. Mwenyekiti hakuutazama mkono hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye midomo.

"Ananiambia kitu," alisema. "Rudisha. Nakuomba, mdogo wangu."

Hakuwahi kuniomba kitu maishani. Nikanyoosha kidole kuirudisha sauti, lakini simu ilikuwa imeshageuzwa. Tukaona dari, kisha hatukuona chochote.

Mama hakutoka.

Muuguzi, tulipompigia, hakukumbuka alichosikia. Alisema macho yake yote yalikuwa kwenye dripu, halafu wagonjwa ni wengi. Alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka kama mimi, nikamshukuru nikakata.

Baada ya mazishi Mwenyekiti alivuta kiti akakaa mbele ya kitindamimba, magoti yakigusana. Mimi hakunitazama. "Muulize," akasema. "Mama alisema nini juu yangu?"

Nikamuuliza. Kwa mkono, mama hakuwa amesema lolote juu ya Mwenyekiti. Niliona kila kitu. Kitindamimba akamtazama kaka yake kwa muda, akaweka mkono begani mwake mwenyewe kama aliyebeba gunia, akaushusha taratibu mpaka pajani, akakifungua kiganja.

"Amesema umetubeba vya kutosha," nikatafsiri. "Amesema utue."

Mwenyekiti akalia kama mtoto, na kitindamimba akamshika kichwa.

Huwa naulizwa na ndugu kama najuta. Sijuti. Ningerudishwa kwenye kiti kile leo, ningeizima tena. Ila nimechoka kuwa mimi niliyechagua, na nikiwa kazini, mtandao ukilegea, mitambo ikitupa picha yenyewe bila kuniuliza, naionea wivu.

Juzi nilikwenda kumwona Mwenyekiti. Nywele zimekwisha kuwa nyeupe na vikao hana tena wa kuvihudhuria. Ishara hajajifunza nyingine hata moja. Chai ilipoletwa aliiacha ipoe, akaweka mkono begani, akaushusha, ukaishia kifuani.

"Hivi?" akaniuliza. "Mama alifanya hivi?"

Nikamshika kifundo cha mkono, nikauvuta chini mpaka pajani, nikamfungua vidole.

"Hivi," nikasema.