Mkwe wa Dirishani

Mgodi wa Chibote ulipofunguliwa tena baada ya miaka tisa, nililia kwa furaha kama kila mtu. Wiki mbili baadaye nilikuwa nautukana.

Kabaso, aliyenikandia unga miaka sita, alinijia asubuhi na helmeti yenye taa kichwani. "Bana Mwenya, mama yangu, nashuka chini," akasema. Hata aproni hakuirudisha. Kesho yake wenzake wawili wakamfuata. Kufikia mwisho wa mwezi hukuweza kumpata mtu Chibote wa kukufyekea nyasi, kukushonea kiatu wala kukuchimbia choo. Wanaume waliokaa vibarazani miaka tisa wakicheza drafti kwa vizibo vya soda sasa walikuwa wote chini ya ardhi, na wake zao walikuwa juu yake, wakifua maovaroli na kulinda mageti. Binti yangu mwenyewe, Mwenya, ninayeitwa kwa jina lake Bana Mwenya, yaani mama wa Mwenya, alikuwa anafundishwa kuendesha lori la kubebea mawe, lile ambalo gurudumu lake moja linanizidi urefu.

Mimi nina tanuri. Nililijenga jikoni, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu, na katika miaka yote ile mibaya mikate ndiyo iliyonisomeshea watoto. Mgodi ulipofunguliwa, kantini yao ikaniagiza mikate mia na hamsini kila asubuhi. Oda ya namna hiyo nilikuwa nimeiombea miaka. Mungu akaniletea oda, akanichukulia mikono.

"Mwokaji yupo, Mama," Mwenya akaniambia jioni moja. "Umemsahau, au unajifanya?"

"Nani huyo?"

"Mume wangu."

Ni kweli, Lombe aliwahi kufanya kazi miaka minne katika tanuri kubwa Ndola, mpaka lilipofungwa, akaishia kuchoma mkaa. Mgodi ulimkataa kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii tangu alipougua surua utotoni. Kwa hiyo mwokaji yupo, tena yuko huru. Lakini ni mkwe wangu, na sikuwa nimemwingiza.

Kwetu Wabemba mkwe haingii nyumbani kwa mama mkwe, hali chakula mbele yake, hamtazami usoni wala hawasemezani, mpaka siku ile wanawake wa upande wa mke wanapompikia vyakula vyote vya kwao na kumkaribisha mlangoni. Kabla ya hapo, wakikutana njiani, mmoja aingie vichakani. Wengine humwingiza mkwe wao baada ya mwaka mmoja, wengine miwili. Mimi nilikuwa katika mwaka wa saba. Shangazi zake Mwenya wakiniuliza, nilikuwa na jibu moja: "Mwanamume asiye na kazi nimwingize kwa lipi?" Nilitaka Mwenya aolewe na mwalimu. Mwenya akampenda mchoma mkaa, nami sikumsamehe huyo mchoma mkaa.

"Basi aje," nikasema. "Lakini abaki nje."

"Mama, mume wangu si shoka la kuazima."

"Sikusema ni shoka. Nimesema abaki nje."

Alikuja. Akaweka hori la kukandia uani chini ya dirisha la jikoni, akalikingia bati kuukuu juu. Mimi ndani nikatundika gunia la unga dirishani tusionane. Yeye akakanda nje, akapitisha madonge chini ya gunia, mimi nikayakata, nikayaweka kwenye vibati na kuoka. Na kwa kuwa hatukuruhusiwa kusemezana, nilisema na tanuri.

"Wewe tanuri! Mwenye donge alete upesi, moto unashuka!"

Donge halikuja. Nilikuwa upande wa sikio lake bovu.

"TANURI! Nasema moto unashuka!"

Jirani yangu Bana Kapasa akachungulia juu ya ua. "Bana Mwenya, leo umegombana na tanuri? Limekukosea nini, masikini?"

"Pita njia yako!"

Ningecheka na mimi kama mkate ungekuwa mkate. Lakini ilikuwa Juni, asubuhi nyasi zimeganda zimekuwa nyeupe, na hamira haitaki baridi. Joto lote lilikuwa ndani pamoja nami, donge lilikuwa nje pamoja na mkwe wangu. Siku ya kwanza mikate ilitoka bapa. Nikasema ni unga. Wiki ya kwanza ikapita, nikasema ni kuni. Wiki ya tatu sikuwa na cha kusingizia, na bado sikulitoa lile gunia.

Alhamisi akaja Bwana Jere, mkuu wa kantini. Jere ni Mngoni, na Mngoni na Mbemba ni watani tangu enzi za babu zetu kupigana. Alikuwa ameshika mkate wangu mmoja, akaugonga kwenye mlango wangu: ko, ko, ko.

"Hodi! Kumbe hii ndiyo kazi yake, kugongea milango."

"Karibu, mla panya."

"Nimekaribia, mla nyani. Vijana wa chini wameniuliza, mikate hii ni ya kula au ya kuegemezea dari ya mgodi isituangukie?"

"Waambie ni ya kula, ila inataka meno ya watu. Meno ya panya hayaiwezi."

Tukacheka kama inavyotakiwa. Kisha yeye akawa wa kwanza kuacha kucheka.

"Mtani, sasa nisikilize. Kuna tanuri kule Kitwe linaitaka oda hii. Wakubwa wangu walitaka nitie sahihi leo. Nimewaomba mpaka Jumatatu. Jumatatu ukiniletea matofali tena, sitaweza kukutetea."

Alipoondoka nilikaa juu ya magunia. Magunia arobaini ya unga niliyonunua kwa ajili ya oda ile yalikuwa yamejaa chumbani kwangu mpaka nikawa nalala upande. Oda ikienda Kitwe, lori la Kitwe litakuwa likiingia Chibote kila asubuhi, na nani tena atanunua mkate wangu? Tanuri langu lilikula ujana wangu. Nisingekuwa na la kufanya tena.

Nikavuka kwenda kwa Bana Kapasa. Ndiye kungwi wetu, ndiye aliyemcheza Mwenya unyago.

"Nataka kumwingiza mkwe wangu," nikamwambia. "Jumapili."

Akaweka kikombe chini. "Jumapili ipi?"

"Hii."

"Mayo! Miaka saba tumekubembeleza, leo unataka kwa siku tatu? Nani atapika? Nani atapiga ngoma? Bana Mwenya, hakuna watu! Wewe hujaona? Mimi mwenyewe niko getini mpaka saa nane mchana."

"Njoo saa nane."

"Nina buti miguuni, mwanamke wewe!"

"Njoo na buti."

"Kungwi wa buti," akasema, akitikisa kichwa. "Mama yangu atafufuka anichape." Lakini alikuwa ameshaanza kuhesabu vyungu kwa vidole.

Nilipika siku mbili na nusu peke yangu. Kuku mzima, kila kiungo mahali pake, maana upande wa mume hukagua. Majani ya maboga kwa karanga, viwavi vikavu, dagaa, maharage, ugali wa sahani nne, na chungu cha munkoyo, kinywaji cha mahindi nilichokichachusha karibu na tanuri. Jumapili saa nane na nusu shangazi zake Mwenya waliingia wakikimbia kutoka kazini, kanga zimefungwa juu ya maovaroli ya rangi ya chungwa. Mpiga ngoma alikuwa chini ya ardhi, kwa hiyo Bana Kapasa alipiga dumu la maji, na buti zake zilipiga sakafu, na nakwambieni sijawahi kuona uchezaji wenye kishindo kama ule.

Lombe akafika na mjomba wake, Mzee Ng'andwe. Akasimama nje ya kizingiti, uso chini. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani, macho chini vilevile. Bana Kapasa akamwita kwa wimbo. Hakuinua mguu. Akamwita tena. Mzee Ng'andwe akakohoa.

"Mwanangu ana swali."

"Mkwe mlangoni hana swali!" Bana Kapasa akafoka. "Mlangoni kuna mguu tu!"

"Huyu analo. Anauliza hivi: anaingizwa kwa sababu ni mkwe, au kwa sababu watu wa kazi wameadimika?"

Dumu likanyamaza. Shangazi wote wakageuka kunitazama mimi.

Nilikuwa na jibu zuri. Mama yeyote angekuwa nalo: anaingizwa kwa sababu ni mkwe wetu, tunampenda, amechelewa tu kuitwa. Lilikuwa limefika mdomoni kabisa. Lakini kwa kuwa sikuruhusiwa kutazama juu, nilikuwa natazama miguu yake. Alivaa ndala. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kwa baridi, na ndani ya nyufa kulikuwa na unga wangu. Wiki tatu alisimama uani kwangu asubuhi za Juni na miguu ile, na mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nimeegemea tanuri.

"Mwambieni ni kwa sababu watu wameadimika," nikasema.

"Mayo!" shangazi mmoja akapiga ukelele, akashika kichwa.

"Mwambieni. Kabaso na wenzake wangekuwepo, huyu angekaa nje mpaka siku ya kunizika. Nilimwona maskini, nikamwona si kitu. Miaka saba amemlisha mwanangu, hajampiga, hajamkimbia, wala hajanitukana, nami nimemwacha vichakani. Nimefumbuliwa macho na shida yangu, si na wema wangu. Naona aibu, na aibu hiyo naisema mbele yenu. Akitaka kugeuka, ageuke. Oda iende Kitwe. Chakula abebe, ni chake, nimekipika kwa ajili yake."

Bana Kapasa alikuwa amefumba macho. Nilijua nimekwisha kuharibu. Kungwi hajawahi kusikia mama mkwe akisema maneno kama yale tangu dunia iumbwe.

Kisha nikasikia kicheko. Kilitoka nje, kicheko kinene cha mtu mzima, na ilinichukua muda kutambua ni cha nani, maana katika miaka saba sikuwahi kukisikia. Lombe akamwambia mjomba wake, kwa sauti kubwa kama wanavyosema watu wenye sikio bovu: "Angesema lile jingine, ningerudi nyumbani."

Akainua mguu, akaingia.

Vigelegele! Shangazi wakarukaruka na maovaroli yao, Bana Kapasa akalipiga dumu mpaka likabonyea. Mimi nikabaki mkekani nikilia na kucheka bila kujua nianze na lipi. Mwenya akaja akaketi kando yangu, akanishika mkono. Lombe akanawishwa, akakalishwa, akala. Alikula kila kitu. Viwavi alimaliza bakuli zima na kutafuta vingine kwa macho.

Jioni yeye na Mzee Ng'andwe wakaliingiza hori ndani, wakalisogeza karibu na tanuri. Nikatoa gunia dirishani, nikalikung'uta, nikalikunja. Lombe akaanza kukanda. Nikaona amemimina unga, maji na hamira, na chumvi ameiacha kando. Miaka yote mimi hutia vyote pamoja. Ulimi ukaniwasha. Mimi si mtu wa kunyamazia jambo jikoni kwangu, lakini nikajiambia, mkwe ameingia leo leo, mwache amalize siku. Donge likakaa likapumzika, ndipo akaitia chumvi.

Alfajiri mikate ilikuwa imepanda ikapita midomo ya vibati. Jere akaja na lori. Akauchukua mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba, ukarudi wenyewe taratibu. Akaubonyeza tena. Hakuleta utani wowote, na hapo nikajua tumepona.

"Kitwe nawapigia simu saa hii," akasema. Alipokwisha kupanda lori ndipo ulimi ukamrudia. "Kumbe nyani wakifundishwa, huoka!"

"Nenda zako, panya wako watapoa!"

Lori likaondoka. Tukabaki wawili jikoni, mimi na mkwe wangu, na bado hatukuwa tumezoea. Nikamimina chai vikombe viwili. Yeye ndiye aliyeanza, akitazama kikombe.

"Mama, daktari wa mgodi amekataa wengi, si mimi peke yangu. Nawajua wawili. Mmoja ana mguu mbovu, mwingine macho. Mikono yao ni mizima."

"Waite waje."

"Wapitie dirishani?"

"Wapitie mlangoni, Lombe. Usinichokoze." Nikanywa chai kidogo. Lile jambo lilikuwa bado linaniwasha. "Na ile chumvi. Nani alikufundisha kuichelewesha?"

"Ndola. Ikiwahi, inaichelewesha hamira, mkate unakuwa mzito."

"Kwa hiyo mkate wangu ulikuwa mzito siku zote?"

"Tangu mwaka wa harusi, Mama. Mwenya alikuwa akiniletea."

"Miaka saba! Unajua, na hukusema hata mara moja?"

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Ningesemaje, Mama? Nilikuwa nje."

Nilimvutia kiti, akaketi.