Mjane wa Mchochea Moto

"Hapo mbele pafagiliwe tena, Mama Goodness. Mgeni rasmi hawezi kukanyaga majani."

Yuditha alimwitikia msimamizi kwa kichwa. Aliinama na ufagio wake, akayasogeza maua ya mjakaranda yaliyoanguka usiku, kisha akainua macho kulitazama bomba la moshi. Mafundi walikuwa wamelipaka rangi nyeupe kiunoni, na juu ya rangi hiyo wakaandika kwa kijani kibichi: MOSHI BILA MOSHI. Rangi ilikuwa bado inanuka.

Chini ya bomba walikuwa wamesimamisha turubai jeupe, na chini ya turubai viti vyeupe na meza zenye vitambaa vyeupe. Leo manispaa ilikuwa inasherehekea usafi wa mji. Na kwa kuwa shughuli moja hubeba nyingine, Bwana Aminieli, aliyekuwa meneja wa kiwanda cha blanketi hadi siku kilipofungwa, naye alikuwa anafungua ghala lake la mitumba humo humo kiwandani, katika majengo aliyoyanunua serikali ilipoyauza. Pale palipokuwa na mashine za kufumia sasa palikuwa na marobota ya nguo kuukuu za Ulaya, na mengine yalikuwa marobota ya blanketi.

Yuditha alifanya kazi humo miaka mingi, kwenye mapipa ya rangi. Mume wake, Shedrack, alikuwa mchochea moto wa boila. Enzi hizo hakuna mtu wa mtaa wa Majengo aliyekuwa na haja ya saa. King'ora kililia, mama akabandika chai. Kililia tena, watoto wakatoka shule. Wanawake walilalamika kuwa masizi yanatua kwenye shuka walizoanika, lakini walilalamika huku wanacheka, kama mtu anayelalamikia mwanawe kula sana. Blanketi za Moshi zilifika Songea, zilifika Kigoma, zilifunika askari na wagonjwa. Mgeni akishuka stesheni akauliza mbona mji unafuka hivi, alijibiwa, "Huo ndio ugali wetu, bwana." Shedrack alirudi nyumbani mweusi tii, meno tu yakiwaka, na kabla hajaoga alimshika Yuditha shavu kwa makusudi ili naye atoke na alama.

Kisha vali za shaba za boila zikapotea. Meneja Aminieli aliwakusanya wafanyakazi wa zamu mbili uani, akamnyooshea Shedrack kidole. Yuditha alikuwa ameona kwa macho yake. Jioni moja alipokwenda kumwaga maji ya rangi, aliiona Land Rover ya meneja nyuma ya boila, na meneja mwenyewe akizifunga vali hizo ndani ya blanketi la bluu. Alikwenda kuyasema mahakamani. Wakamwuliza kama yeye ni mke wa mshtakiwa. Alipokubali, wakaacha kuandika.

Shedrack alifungwa. Alipotoka alipanda mlimani Mwika, kwenye kihamba, shamba la ukoo la baba yake, akajificha migombani. Jumapili kengele ya kanisa ililia na yeye akageukia ukuta. Hakuugua sana. Alipungua tu, kama moto usiotiwa kuni, na asubuhi moja hakuamka.

Tangu siku ile Yuditha alifuga chuki. Hakuilea kama kidonda. Aliifuga kama ng'ombe wa zizini, asiyetolewa nje, anayekatiwa majani asubuhi na jioni. Aliifagilia, aliinywesha, na kila alipoliona gari la Aminieli likipita barabara anayoifagia yeye, chuki ile ilinenepa.

Kwa hiyo alipopangiwa kusafisha uwanja wa sherehe, hakukataa. Wiki nzima alikusanya uchafu wa humo ndani: matambara yenye grisi, mabaki ya sufu yaliyoshikana kwa rangi, vipande vya matairi, maturubai yaliyooza. Msimamizi alimwambia lori la taka litakuja. "Msihangaike na lori," Yuditha akasema. "Nitajua pa kuyaweka." Aliyaweka kwenye tanuri la boila. Tanuri lilikuwa zito mno, wanunuzi wa vyuma chakavu walishindwa kuling'oa. Alilijaza hadi mdomoni.

"Shikamoo, mama."

Goodness, binti yake wa pekee, alikuwa amesimama nyuma yake, blauzi nyeupe imenyooshwa vizuri. Bwana Aminieli alikuwa amempa kazi ya ukarani kwenye ghala. Alipoipata, mama yake hakuzungumza naye hadi Jumapili ya pili.

"Marahaba. Wamekupanga kugawa soda?"

"Nagawa, ndiyo." Goodness alisogea karibu, akapunguza sauti. "Mama, nakuomba. Leo usimwangalie yule mzee kwa jicho hilo. Nimetafuta kazi tangu nimalize shule, unajua."

"Najua."

"Baba hatarudi."

"Sijamwita arudi," Yuditha alisema. "Nataka mwenzake amfuate."

"Mama!"

"Nenda ukagawe soda zako, mwanangu. Wageni wana kiu."

Goodness alimtazama kidogo, kama mtu anayesikia harufu asiyoijua inatoka wapi, kisha akaenda.

Sherehe ilianza. Kwaya iliimba, diwani akasalimu, na Bwana Aminieli akasimama kwenye kipaza sauti, kaunda suti nyeupe, viatu vyeupe, nywele nazo zimeanza kuwa nyeupe. Alipendeza. Yuditha alimsikiliza akiwa kwenye mlango wa boila, kiberiti mkononi.

"Ndugu zangu, wapo wanaolilia viwanda," sauti ilisema kwenye spika. "Mimi nauliza, tulipata nini? Kikohozi! Leo hii Moshi ni mji wa kupigiwa mfano. Barabara zinang'aa. Mlima unaonekana. Moshi bila moshi!"

Watu wakapiga makofi. Yuditha akampata Goodness kwa macho, kati ya meza, sinia mkononi. Mkono wa Yuditha ulisita. Angeweza kurudisha kiberiti mfukoni, akafagia vifuniko vya soda, akapanda Jumapili Mwika kuling'olea magugu kaburi la Shedrack.

"Na mimi, niliyekiongoza kiwanda hiki kwa uaminifu..." sauti ikaendelea.

Akawasha.

Moto ulishika matambara ya grisi, ukavuta pumzi, ukanguruma. Bomba lilikuwa baridi kwa miaka. Lilikohoa kwanza, likamwaga majani makavu na viota vya ndege, ndipo likatoa moshi. Ulikuwa moshi mweusi, mzito, usiotaka kupanda. Upepo wa kutoka tambarare za Kahe ukaukuta shingoni mwa bomba na kuuinamisha juu ya turubai.

Kwanza wageni walidhani ni wingu. Kisha masizi yakaanza kushuka, mapana kama maganda ya vitunguu, yakatua kwenye vitambaa, kwenye keki, kwenye mabega ya diwani. Wanakwaya wakajifunika kwa vitabu vyao. Bwana Aminieli alipangusa bega lake, na pale alipopangusa pakawa peusi zaidi; akapangusa tena. Alifungua kinywa kusema kwenye kipaza sauti, na spika zikautangazia mji mzima kikohozi chake.

Alikuja mbio boila, watu wakimfuata. Yuditha alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mahali alipokuwa akikaa Shedrack.

"Wewe ni nani?" Aminieli alifoka. "Nani kakutuma?"

"Mke wa Shedrack."

"Shedrack yupi?"

Yuditha alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kofi, hata kwa pingu. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Usiku wote wa miaka yote ile alimpa mtu huyu, mawazoni mwake, usingizi mbaya, akampa ndoto za boila na blanketi la bluu. Kumbe mwenzake alikuwa analala.

Alisimama. Sauti yake ilitoka taratibu. "Shedrack uliyemfunga kwa vali za shaba. Zile ulizozifunga wewe kwenye blanketi la bluu, ukazitia kwenye Land Rover, hapo, nyuma ya ukuta huo. Mimi nilikuwa na ndoo ya rangi mkononi. Nilikuona."

Nyuma yake moto ulipasua kitu.

"Mambo ya zamani hayo, mama," Aminieli alisema, akitazama huku na huku. "Kiwanda kilikuwa kinakufa. Kila mtu alichukua chake."

"Shedrack alichukua nini?"

Aminieli alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa tayari amesema, na walimsikia: diwani, msimamizi, mwalimu wa kwaya. Goodness alimsikia pia. Alikuwa mbele kabisa, masizi yamemchora mashavu yote mawili. Aliweka sinia la soda chini, miguuni pa mwajiri wake, taratibu, hata chupa moja haikugongana na nyingine. Kisha akaondoka bila kumtazama mama yake.

Msimamizi alimnyang'anya Yuditha ufagio na kumwambia akakae getini asubiri polisi. Alikwenda mwenyewe, bila kushikwa. Alijisikia mwepesi. Alimwona Aminieli akiingia kwenye gari akiwa na alama za vidole vyake mwenyewe kwenye suti nzima, na akacheka kwa sauti, kicheko ambacho hakukijua kuwa bado anacho.

Upepo ulitulia. Moshi sasa ulipata njia yake, ukapanda wima juu ya mji, mrefu, wa kuonekana kutoka Rau hadi Majengo.

Alikuwa bado anacheka alipomwona mwanamke anakuja barabarani kwa haraka, akichechemea. Alikuwa Dominika, waliyefanya naye kazi zamani, mfumaji wa zamu ya asubuhi, sasa muuza ndizi. Alikuwa amefunga kichwa kwa kitambaa safi. Kwapani alikuwa na koti la bluu la kiwanda, lenye mikunjo ya kukaa sandukuni.

"Yuditha! Nimeuona moshi nikiwa sokoni, ndizi nimeziacha hapo hapo." Alikuwa anahema, macho yanang'aa. "Wamefungua? Wameanza kuandika watu kazi?"

Kicheko cha Yuditha kilikatika. Nyuma ya Dominika walikuwa wanakuja wengine: mzee mwenye fimbo, wanawake wawili wameshikana mikono, mwanaume anayefunga vifungo vya shati huku anatembea.

"Mimi nasimama wapi?" Dominika aliuliza.

Hakusubiri jibu. Alivaa koti lake, akajipangusa mikono kiunoni, akasimama kando ya geti, bega likigusa ukuta. Mzee mwenye fimbo akaja akasimama nyuma yake, na mwingine nyuma ya mzee, wote wakitazama juu.